Sabuni ya Sidi Ina Mwenyewe

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla jua halijawa kali, Kafedha hukoroga sabuni nyuma ya nyumba yake kule Utange. Ana pipa la buluu, mwiko mrefu wa mti, glavu za mpira na mizani ndogo. Hapimi kwa macho. Sabuni yake ya maji ni nzito, ya kijani, na ina harufu ya ndimu. Ina alama ya ubora. Kwenye kila jerikeni hubandika stika yenye maneno haya: SABUNI SAFI YA SIDI. Sidi ni binti yake wa kwanza.

Alhamisi moja, Winfred aliingia uani bila kupiga hodi. Winfred ni jirani yake, na kazi yake ni kufulia watu nguo. Alikuwa amebeba jerikeni ya lita tano. Aliitua chini, akanyoosha mikono yake.

"Mama Sidi, hebu tazama."

Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka. Kwenye viungo ilikuwa imepasuka, nyekundu.

"Nimefua kwa sabuni yako siku mbili tu," alisema Winfred. "Leo hata ufunguo siwezi kuushika. Na kesho nina nguo za nyumba tatu."

Kafedha alivua glavu, akafungua ile jerikeni, akamimina kidogo kwenye kikombe. Ilikuwa nyepesi kama maji ya mchele. Harufu yake ilimchoma pua. Aligeuza jerikeni akaitazama stika. Ilikuwa yake, herufi kwa herufi, hata mchoro wa beseni.

"Hii si sabuni yangu," alisema.

"Kama si yako, mbona ina jina lako?"

Kafedha aliifunga jerikeni. Winfred alikuwa mtu wa tatu kulalamika wiki hiyo. Wa kwanza alimpigia simu akamtukana. Wa pili alirudisha jerikeni na kuiacha mlangoni. Kila mara Kafedha alisema si yangu, na kila mara macho ya watu yalirudi kwenye stika. Alichoka kuapa.

Alimwambia Winfred aoshe mikono kwa maji mengi, kisha aende zahanati. "Na umeinunua wapi?"

"Kiembeni, kwa Mwarandu. Tena alinipunguzia bei."

Kafedha hakumaliza kukoroga. Alifunika pipa, akajifunga leso, akaenda Kiembeni.

Mwarandu ni mzee mtaratibu, na duka lake la jumla ni la miaka mingi. Kafedha alimwamkia shikamoo kama kawaida, ingawa moyoni alikuwa amefura.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwarandu. "Mzigo huo aliuleta Justus. Alisema wewe ndiye uliyemtuma. Mimi niliona stika yako, nikapokea. Ningejuaje?"

Justus alikuwa dereva wa tuktuk aliyekuwa akimsambazia Kafedha sabuni madukani. Alikuwa ameacha kazi hiyo miezi mitatu nyuma, akasema anarudi kwao bara. Kumbe hakwenda mbali. Kafedha alimkuta Bamburi anaosha tuktuk yake, na wala hakukana.

"Mathe, Sidi ni jina tu," alisema Justus huku akikamua kitambaa. "Hapa Kisauni kina Sidi ni wangapi? Wewe una hati kwamba jina ni lako?"

"Ninayo."

"Basi ilete tuione."

Kafedha alirudi nyumbani akitembea haraka. Cheti chao cha biashara kilikuwa kimetundikwa sebuleni. Alipanda kiti, akakishusha. Mumewe, Munga, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kwenye machimbo ya mawe Mwakirunge, nywele nyeupe kwa vumbi.

"Mbona unabomoa ukuta?" aliuliza Munga.

"Kesho tunakwenda kwa afisa wa biashara. Justus anataka hati. Hati ndiyo hii."

Kesho yake afisa wa biashara aliwapokea vizuri. Alikisoma cheti, akakisoma tena.

"Hapa pameandikwa Kafedha na Munga Usafi," alisema. "Sidi iko wapi?"

"Sidi ni jina la sabuni," alisema Kafedha. "Sabuni ni yetu."

"Naelewa, mama. Lakini cheti hiki ni cha jina la biashara. Kinaonyesha ni nani anayefanya biashara. Jina lililo kwenye bidhaa ni jambo jingine. Hilo husajiliwa kama alama ya biashara. Hamjasajili?"

Munga alitikisa kichwa. Nje ya ofisi, Munga alipumua kwa nguvu.

"Leseni tunayo. Cheti tunacho. Alama ya ubora tunayo. Sasa wanataka alama ya alama," alisema.

"Usinisemeshe, Baba Sidi. Nikifungua mdomo sasa hivi nitalia."

Hata hivyo hawakwenda moja kwa moja nyumbani. Karibu na stendi ya Utange palikuwa na saiba, duka dogo la kompyuta na intaneti, ya Jalila, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Kila mtu mtaani humwendea kwa mambo ya serikali mtandaoni. Jalila aliwapa viti, akasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza.

"Poleni sana," alisema. "Afisa amewaambia kweli. Hebu tuzitenganishe hizi karatasi, maana zinachanganya. Alama ya ubora inasema sabuni ni nzuri. Jina la biashara linasema muuzaji ni nani. Alama ya biashara inasema jina na mchoro ulio kwenye jerikeni ni mali ya nani. Justus amepita kwenye huo mlango wa tatu, kwa sababu uko wazi."

"Na tutaufungaje?" aliuliza Kafedha.

"Mtaomba kwa taasisi ya serikali inayoshughulikia alama za biashara. Wengi huiita KIPI. Ofisi yake iko Nairobi, lakini si lazima msafiri. Maombi hupita kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwanza tutaomba upekuzi, wao wapekue kama kuna mtu ana jina linalofanana na lenu. Kisha tutajaza fomu ya maombi."

"Haya, tuanze," alisema Kafedha. "Leo."

Jalila alimwomba namba ya kitambulisho, akaiingiza. Akaunti ilikuwapo tayari. Ujumbe ukasema namba ya siri imetumwa kwenye simu. Walingoja. Simu ya Kafedha ilikaa kimya.

"Namba hii inayoishia sitini na tatu ni ya nani?" aliuliza Jalila.

Kafedha aliitazama skrini. Hakuijua. Kisha akakumbuka. Cheti cha biashara kilikuwa kimeshughulikiwa na mtu wa saiba nyingine, na saiba hiyo ilishafungwa. Yule mtu alikuwa ameweka simu yake mwenyewe.

"Kwa hiyo barua zangu zote za serikali zinakwenda kwa mtu nisiyemjua," alisema Kafedha polepole.

"Wallahi, hili naliona kila siku," alisema Jalila. "Akaunti iwe na simu yako wewe na baruapepe yako wewe. Usimwachie mtu, hata mimi."

Ilichukua siku nne na safari ya kwenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kubadilisha namba. Siku ya tano Munga alikuja saiba na kikaratasi chenye namba ya simu aliyopewa kazini. Ilikuwa ya mtu aliyedai anatoa cheti cha alama kwa siku tatu.

"Mwambie atoe cha siku mbili tunywe chai," alisema Jalila. "Baba Sidi, hakuna njia hiyo. Sheria inataka ombi litangazwe siku sitini, ili mwenye kinyongo apinge. Anayekuahidi siku tatu ni tapeli. Ada zote zinaonekana hapa hapa kwenye eCitizen, na hapa ndipo unapolipia. Usimtumie mtu kwenye simu yake."

Munga alikunja kile kikaratasi akakitia mfukoni.

Waliomba upekuzi. Jalila alieleza kwamba bidhaa zimepangwa kwa makundi. Sabuni na vitu vya kufulia viko kundi la tatu. Majibu yalipokuja, palikuwa na alama moja yenye jina la kukaribia Sidi. Kafedha aliona giza.

"Ngoja kwanza," alisema Jalila. "Hiyo ni ya vitambaa, kundi jingine. Katika sabuni hakuna. Tunaweza kuendelea."

Ikaja zamu ya picha ya alama. Kafedha alikuwa ameipiga mwenyewe juu ya jerikeni. Stika ilipinda, na kidole gumba kilionekana pembeni.

"Tukiwasilisha hii, utakuwa umesajili na kidole," alisema Jalila.

Kafedha hakucheka. Alikwenda kwa aliyemchapia stika, akangoja saa nzima, akarudi na mchoro safi kwenye simu. Wakajaza jina la mwenye alama, anwani, kundi la tatu na orodha ya bidhaa. Alisoma kila mstari kwa sauti kabla ya kukubali. Akalipa. Namba ya ombi ilipotokea, Jalila aliichapisha.

"Itunze. Alama ikisajiliwa, haki yako itahesabiwa tangu leo, siku uliyowasilisha," alisema. "Kwa sasa unaweza kuandika herufi TM ndogo kando ya jina, ishara kwamba unalidai. Ile R ya ndani ya duara uiache mpaka upate cheti. Kuitumia kabla ya hapo ni kosa."

Wiki zikapita, zikawa miezi. Wateja waliendelea kulalamika. Kafedha alichapisha stika mpya yenye namba yake ya simu, akazunguka duka kwa duka akiwaomba wenye maduka wampigie kabla ya kupokea mzigo. Wengine walikubali. Wengine walimwambia hawana muda.

Kisha ikaja barua kutoka kwa mkaguzi wa KIPI. Kafedha aliisoma kwenye simu akiwa amesimama kando ya pipa, akaona maneno "kabla ya kukubaliwa". Aliacha mwiko ndani ya sabuni, akaenda kwa Jalila na glavu mkononi.

"Wamenikataa," alisema. "Miezi yote hii."

Jalila alisoma barua kwa utulivu.

"Hawajakukataa. Wanasema maneno 'sabuni safi' hayawezi kuwa ya mtu mmoja. Kila muuza sabuni anayahitaji. Wanataka ukubali kwamba hutadai maneno hayo yawe yako peke yako. Unachodai ni SIDI pamoja na mchoro wako."

"Basi si wangesema hivyo?"

"Wamesema, mama. Wamesema kisheria. Lakini wametoa muda wa kujibu, na ukipita ombi linaweza kuachwa. Tujibu leo."

Walijibu siku hiyo hiyo. Ombi likakubaliwa, likatangazwa kwenye jarida la taasisi. Kafedha alihesabu siku sitini kwenye kalenda ya jikoni, akikata kila siku kwa kalamu. Hakuna aliyepinga. Baadaye kidogo cheti kilitoka, na kilikuwa cha miaka kumi, kinachoweza kuhuishwa kabla hakijaisha.

Kafedha hakukitundika popote. Alitoa nakala, akaanza na Kiembeni. Mwarandu alivaa miwani, akasoma, kisha akaziondoa rafuni jerikeni saba za Justus.

"Sasa nina cha kumwambia," alisema. "Zamani lilikuwa neno lako na neno lake."

Nakala nyingine Kafedha aliipeleka kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia, pamoja na picha za zile stika na jina la Winfred, aliyekubali kuwa shahidi. Baada ya maofisa kuzunguka madukani mara moja tu, hakuna duka lililotaka tena kupokea mzigo wa Justus.

Jumamosi moja Justus mwenyewe alikuja Utange. Alisimamisha tuktuk njiani, akabisha hodi, akangoja akaribishwe. Ndani ya tuktuk mlikuwa na jerikeni tupu zilizobanduliwa stika, gundi bado imeng'ang'ania.

"Mathe, nimebandua zote," alisema. "Ile sabuni nimeacha kuitengeneza. Nataka kujifunza kuitengeneza vizuri, ikaguliwe, niuze yangu. Lakini jina sina. Sasa mimi nitaiitaje?"

Kafedha alizitazama zile jerikeni. Maneno aliyokuwa amemwekea miezi yote yalimjia, akaona hana nguvu ya kuyasema yote.

"Nenda kwanza ukamwombe Winfred radhi," alisema. "Kisha uende saiba ya Jalila, pale stendi, ukaombe upekuzi. Na ufungue akaunti kwa simu yako."

"Na jina?"

"Jina utalitafuta mwenyewe, Justus. Mimi hili moja limenichosha vya kutosha."

Akavaa glavu, akarudi kwenye pipa.