Maswali ya Vyungu ya Stella

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kugeuza kokoa iliyoanikwa uani, Keziya alinawa mikono na kwenda shuleni, huko Talatala, kuendeleza kijitabu cha mazoezi ya hisabati. Wanafunzi waliandika maswali yao katika faili za Markdown, yaani maandishi ya kawaida ambayo programu huyageuza kuwa kurasa nadhifu. Ili programu itambue mlinganyo, ulipaswa kuwekewa alama mbele na nyuma. Keziya, aliyekabidhiwa kazi ya kuitayarisha programu hiyo, alitumia alama ya dola.

Jumamosi hiyo yalifika maswali ya Stella, msichana mpole aliyehamia kutoka Ikombe, kijiji cha wafinyanzi. Aliyatunga kutokana na vyungu vya mama yake: mzingo wa mdomo, ujazo wa tumbo. Lakini kwenye kioo cha kompyuta milinganyo yake ilibaki mibichi, imejaa mikwaju, yaani vistari vya mshazari, na mabano, kwa kuwa aliifungua kwa \( na kuifunga kwa \), kama alivyofundishwa na mjomba wake, mwalimu aliyeko Karonga.

Keziya alijua sababu. Programu ilikuwa na mahali pa kuorodhesha alama zinazokubaliwa, naye aliandika dola peke yake ili amalize upesi. Kijitabu kilitakiwa kuchapwa saa sita mchana. Mwalimu Angetile alipouliza kulikoni, Keziya alijibu kwamba Stella ameandika ovyo, afadhali maswali yake yaachwe.

"Dada, umetuletea vijiti vya kuni," Patrick, mwanafunzi mwenzao, alitania, na wenzake wakacheka.

Stella alifunga daftari lake. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na alama ya kidole chenye udongo.

"Mama ndiye aliyenishikia uzi nilipokuwa napima," alisema taratibu. "Aliomba nimpelekee nakala, aone vyungu vyake vimekuwa hesabu."

Maneno hayo yalimchoma Keziya. Alisimama, akatazama sakafu.

"Mwalimu, Stella hakukosea. Mimi ndiye niliyeiagiza programu ikubali alama yangu tu."

Kicheko kilikoma. Patrick akashauri mabano yote yabadilishwe kuwa dola, lakini Stella alieleza kwamba wanafunzi wa mjomba wake wanatumia faili hiyohiyo, na programu yao inajua mabano tu. Basi mwalimu akaagiza faili isiguswe. Programu ndiyo ijifunze alama zote mbili.

Keziya aliongeza mstari mmoja kwenye programu. Haikufaa, programu iliimeza mikwaju kabla ya kuitazama milinganyo. Stella alisogea karibu, akapendekeza milinganyo itambuliwe kwanza, maandishi mengine yafuate. Wakabadilisha mpangilio pamoja, na milinganyo ya vyungu na ile ya Keziya ikajipanga vizuri kwenye ukurasa mmoja.

"Nisamehe, Stella," Keziya alinong'ona.

"Yameisha. Ndaga, asante kwa kusema ukweli."

Mwalimu Angetile aliwashika mabega wote wawili.

"Kompyuta hukataa kila kitu isichofundishwa, wala haina kosa. Sisi tuna akili ya kuuliza kabla ya kusema mwenzetu ameharibu. Leo, Keziya, ungeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Ukweli wako ndio uliorekebisha kazi hii. Haya, chapeni."