Maandishi Mekundu Juu ya Kifuniko

Kila alfajiri, kabla mumewe mwashi hajaondoka kwenda kazini, yeye huwa amekwisha kupiga deki vyumba vyote viwili. Husugua sakafu, husugua milango, kisha hurudi kusugua choo kwa dawa mpaka macho yamwashe. Majirani walimpa jina la Mama Usafi, na jina hilo lilimpendeza.

"Siku moja utakipiga deki hata kivuli chako," mwashi alimtania, akinyanyua mguu kupisha tambara.

"Kikichafuka nitakipiga. Nyanyua na huo mwingine."

Nyumba zao zilikuwa sita, mpya, zimepangwa mstari mmoja mteremkoni. Bomba la maji taka la mji halikufika huko. Kwa hiyo mjenzi alifukia masanduku manne makubwa ya plastiki nyuma ya nyumba ya mwisho, akayaunganisha kwa mabomba. Nyumba zikiongezeka, huongezwa sanduku jingine. Maji ya vyooni na jikoni yaliingia katika sanduku la kwanza yakiwa machafu. Yalitoka katika la nne yakiwa maangavu, yakaenda kunywesha miti. Pampu ndogo ya hewa ilivuma pale usiku na mchana.

Juu ya kifuniko cha sanduku la pili paliandikwa maneno kwa rangi nyekundu. Mama Usafi hakuyasoma. Herufi zilimtatiza tangu utotoni, naye aliona haya kuuliza. Kwake yeye yalikuwa madoa. Siku moja aliyasugua kwa mchanga na dawa mpaka yakafutika yote, akaondoka pale ameridhika.

Chini ya mteremko, hatua chache kupita ile miti, aliishi wifi yake, dada wa mwashi. Alikuwa mjane mwenye bustani ya mboga, kisima kifupi, binti wa miaka mitano na mtoto wa kiume wa miezi kumi. Kila Jumatatu alipanda na fungu la mboga, mtoto mgongoni.

"Hodi kwa watu wasafi! Nivue viatu, au nivue na miguu?"

"Vua vyote, wifi, ubakie na ulimi, maana huo hauvuliki!"

Walicheka. Kisha Mama Usafi akakunja pua.

"Huisikii harufu hiyo? Inatoka masandukuni."

Wifi yake alivuta pumzi. "Hii? Hii ni harufu ya udongo ulioloa mvua. Hata bustanini kwangu ipo."

"Uchafu ni uchafu, wifi."

Jioni ile alikwenda nyuma ya nyumba ya mwisho. Alikifungua kifuniko cha sanduku la pili, akasema bismillahi, akamimina nusu ndoo ya dawa kali ya kung'arishia vyoo.

Siku ya tatu pakatoka uvundo wa mayai yaliyooza. Akasema moyoni kwamba dawa haikutosha. Akaongeza ndoo nzima. Uvundo ukazidi, naye akazidi kumimina. Maji yaliyokwenda mitini yakawa ya kijivu, yakitoa povu. Hakuna aliyeyaangalia.

Wiki ya pili, mtoto wa wifi yake alianza kuharisha usiku wa kuamkia Jumatano. Alhamisi mchana macho yalikuwa yamezama, naye alilia bila machozi. Kabla jua halijatua, Mola aliichukua amana yake.

Mama Usafi ndiye aliyeisafisha nyumba ya msiba. Aliosha vyombo vyote kwa maji ya kisima kile kile.

Siku ya tatu baada ya maziko, yule binti naye aliugua. Safari hii walimkimbiza zahanati. Siku hiyo hiyo majirani, wakiwa wamechoshwa na uvundo, walimwita fundi wa mtambo ule wa masanduku. Alikuja mwanamke kijana, mwenye viatu vya mpira na chupa ya kioo. Mwashi na mkewe walisimama karibu naye.

Fundi aliikagua pampu. Ilikuwa nzima. Alifungua kifuniko cha sanduku la pili, akateka maji kwa chupa, akaiinua juu kwenye mwanga.

"Wamekufa wote," akasema.

"Kina nani?" mwashi aliuliza kwa mshtuko.

"Vijidudu vya humu. Hawaonekani kwa macho, lakini ndio wafanyakazi wa mtambo huu. Sanduku la kwanza huyatuliza maji, mashapo yakazama. Humu ndani ya la pili, pampu huwapa vijidudu hewa, nao hula uchafu. La tatu huyatuliza maji tena. La nne huyatia dawa kidogo, kwa kipimo, yakiwa yamekwisha kuwa safi. Mtambo mzima wa afya hunukia kama udongo ulioloa."

Mama Usafi aliuliza: "Lakini fundi, dawa ya chooni si huua vijidudu vya maradhi?"

"Huua vilivyo wazi, mama. Uchafu ukiwa mwingi, dawa humalizika nguvu humo humo, na vya maradhi hubaki salama ndani ya mabonge. Huwa umewaua wasafishaji, ukawaacha wabaya." Alikitazama kifuniko cheupe. "Hapa tuliandika msimwage kitu. Maandishi yamekwenda wapi?"

Mama Usafi aliificha mikono ndani ya kanga.

"Sasa maji yanatoka kama yalivyoingia," fundi akaendelea. "Nitapeleka vipimo, tujue kilichowaua. Siku tano hivi. Afadhali huko chini hakuna mtu anayeyanywa."

Wakati ule ule wifi wa Mama Usafi alikuwa akipanda mteremko. Alibeba kichwani ndoo ya maji ya kisima, akimpelekea mwanawe zahanati.

Mama Usafi alielewa kwamba angeweza kunyamaza. Hapakuwa na aliyemwona. Vipimo vingesema dawa, visingesema mkono wa nani. Lakini ndoo ilikuwa inakuja.

Alikimbia, akamzuia njiani, mwashi na fundi wakimfuata.

"Itue, wifi."

"Niache nipite. Mtoto ana kiu."

"Itue, nakuomba kwa jina la Mungu! Hayo maji ni ya vyoo vyetu. Yamepenya ardhini mpaka kisimani kwako. Ni mimi niliyeuharibu mtambo. Nilimimina dawa, na maandishi ya onyo nimeyafuta mimi."

Wifi yake aliitua ndoo taratibu. Alimtazama kaka yake, akamtazama fundi, kisha akamtazama yeye.

"Na yule niliyemzika?"

Fundi aliinamisha macho.

Wifi aliipiga ndoo teke. Maji yakatiririka mteremkoni, yakarudi yalikotoka.

Tangu saa ile kisima kilifungwa. Mwashi alileta maji ya bomba kwa mkokoteni, nayo yakachemshwa kabla ya kunywewa. Muuguzi alimnywesha binti maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa pakiti ya zahanati, kijiko baada ya kijiko, kila alipoharisha. "Ugonjwa huu huua kwa kukausha mwili," alimwambia mama yake. "Msingoje hata saa moja kumleta mtoto." Siku ya nne binti aliomba uji.

Fundi alikuja na lori la kunyonya maji taka, akayatoa matope yaliyokufa. Akatia tope hai kutoka mtambo mwingine, ili vijidudu vizaliane upya. Bomba la kutokea akalihamishia upande wa pili, mbali na kisima. Aliwakusanya watu wa nyumba sita. Aliwaonyesha brashi na sabuni kidogo, akasema choo hakihitaji zaidi ya hapo. Aliwakataza kumwaga dawa kali na mafuta ya kukaangia, au kutupa vitambaa. Akaongeza kwamba hata maji yaliyosafishwa ni ya miti, si ya kunywa.

Mwezi mzima wifi yake hakupanda mteremko. Mwezi huo Mama Usafi alikwenda darasa la watu wazima kila alasiri, akakaa dawati la mbele.

Jumatatu moja fundi aliteka tena maji ya sanduku la mwisho. Yalikuwa maangavu, mtu akaona vidole upande wa pili wa chupa. Mama Usafi alinusa sanduku la pili. Udongo ulioloa mvua. Alijifunika uso kwa kanga.

Kisha akachukua brashi na rangi nyekundu, akapiga magoti mbele ya kifuniko. Alikuwa amefika herufi ya tatu alipoona kivuli pembeni yake. Wifi yake alisimama pale, hana mboga, hana mtoto mgongoni. Hakutoa salamu. Aliinama, akalishika kopo la rangi lisipinduke.

"Umeandika nini?"

"U, s, i. Usi. Bado 'mwage'."

Wifi yake alimsogezea kopo.

"Andika makubwa," akasema. "Mtu mwingine asije akasema hakuyaona."

Mama Usafi alichovya brashi, akaanza herufi ya nne.