Vumbi la Ambakisye

Kisomavumbi kilipita juu ya kipande cha ukuta kilichobanduliwa kwenye nyumba ya Mzee Asukile, kikinusa polepole, na mahakama nzima ya jiji la Tukuyu ikakikodolea macho. Ni mashine ndogo, haizidi birika la chai, lakini tuipe heshima yake. Kila mtu hupukutisha ngozi anapopita, na ngozi hiyo hutulia ukutani tabaka juu ya tabaka. Kisomavumbi husoma kila tabaka: nani alikuwepo, na lini.

Mzee Asukile alikuwa amekiri mwenyewe. Ujanani, katika ugomvi wa shamba, alimpiga mdogo wake Ambakisye kwa mpini wa jembe, akamwacha ameanguka chini ya dirisha la nyumba hiyo, akakimbia. Aliporudi hakumkuta. Watu wakasema mto umemchukua, wakaweka matanga bila maiti. Sasa uzeeni alitaka afungwe, roho yake itulie. Lakini sheria haimfungi mtu kwa maneno yake peke yake. Lazima kwanza ithibitike kwamba kuna aliyeuawa.

"Dakta, umeona nini?" aliuliza Jaji Shekilindi.

Dakta Tumpale, aliyekiunda kisomavumbi, alishindwa kuficha furaha yake. "Mheshimiwa, tabaka la siku ya ugomvi lina damu kidogo tu. Tabaka la juu yake lina majivu ya moto wa matanga. Humo humo, upande wa nje wa dirisha, kuna ngozi ya Ambakisye, ya kidonda kinachopona. Alikuwa hai. Alisimama pale muda mrefu."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Hata mwendesha mashtaka alipiga makofi, na nani asingefurahi? Mashine ilikuwa imemwokoa mtu asiozee gerezani kwa mauaji ambayo hayakutokea.

"Hakuna aliyeuawa," alisema jaji. "Mzee, uko huru. Nenda nyumbani."

Mzee Asukile hakusogea. "Mwanangu," alimwambia Dakta Tumpale, "siku zile za matanga nilikaa ndani, karibu na dirisha hilo. Nililia nikimwomba msamaha kwa sauti. Alinisikia?"

Furaha ilimtoka Tumpale usoni. Alitamani kusema hajui, lakini alijua.

"Mlitenganishwa na dirisha tu, baba. Alikusikia."

"Kisha akaondoka."

"Ndiyo, baba."

Mzee alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, akamgeukia jaji.

"Mheshimiwa," alisema, "nakuomba, nifunge tu."