Udongo wa Bokoli

Rahab alipofunga chumba cha kazi, sanamu zilikuwa thelathini. Asubuhi zilikuwa thelathini na moja.

Alizihesabu tena kwa ncha ya brashi. Zilikuwa askari wa plastiki wenye vichwa vya fisi na mbawa za popo, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Alikuwa amewakata vipande kutoka kwenye fremu zao za kiwandani, akawaparura kwa wembe, akawaunga kwa gluu mkono kwa mkono, kwa ajili ya kikundi cha Nairobi kinachocheza vita mezani kwa dadu. Huyu wa thelathini na moja hakumuunga yeye. Hakuwa na silaha wala rangi, wala alama ya kuungwa popote. Alikuwa mwanamke, mdomo wazi.

"Labda walikuongezea moja," alisema Kigen, mume wake, akivaa gambuti aende shambani.

"Labda, Baba Chelangat."

Lakini chumba kilinuka moshi, moshi mzito wa nyasi za paa.

Wiki moja kabla, Rahab alikuwa ametoka Kitale kwenda kwao Bokoli kwa mazishi. Nyuma ya boma la marehemu baba yake mkubwa aliona gofu la nyumba, na udongo wake ulikuwa mwekundu, laini kama unga. Akachota mkebe mmoja. Udongo wa aina hiyo ukibandikwa kwenye kitako cha sanamu, utaapa askari amesimama kwenye uwanja wa vita. Vitako vyote thelathini alivipaka gluu, akavichovya humo.

Saa nane mchana mvua ilianza. Rahab aliketi kupaka macho ya askari, kazi inayotaka mtu azuie pumzi. Alipoinua uso, wote walikuwa wamemgeukia.

Alikimbilia mlango. Kitasa kilizunguka, mlango ukakataa. Alivuta, akasukuma kwa bega, akakwaruza mbao kwa kucha, na moshi asiouona moto wake ukamjaa kifuani, na ukuta wa nyuma ukawa kama umesogea hatua moja, kisha nyingine, hadi akahisi joto lake mgongoni, na miguu yake ikagandamana na sakafu kana kwamba mtu aliipaka gluu akaisimamisha hapo.

Nje, Kigen alikuwa amerudishwa na mvua. "Mama Chelangat? Mbona umejifungia?"

Rahab akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Ilitoka nyuma yake, pale mezani, na ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Niko sawa, Kigen. Enda tu."

Alisikia gambuti zikiondoka. Hatua mbili. Kisha zikasimama. Miaka kumi na miwili ya ndoa, mke wake hakuwahi kumwita kwa jina hilo.

"Wewe ni nani?" Kigen alinong'ona.

"Niko sawa, Kigen." Safari hii ilisemwa karibu kabisa na mbao.

Kigen alichukua shoka, akauvunja mlango.

Alimkuta Rahab chini, kucha zimevunjika. Upande wa ndani, mlango ulikuwa na mikwaruzo kutoka juu hadi chini, mingi kuliko mtu mmoja angeweza kukwaruza, na mingine ilikuwa myeusi kwa masizi. Mezani, yule mwanamke wa plastiki alikuwa ameyeyuka.

Rahab alimpigia simu senge wake, dada ya baba yake, Rispah wa Misikhu. Watu walimletea Rispah wagonjwa wa mapepo hata kutoka Webuye, akawaombea wakapona. Alisikiliza hadi mwisho.

"Udongo ulitoa wapi?"

"Nyuma ya kwa baba mkubwa."

"Kwangua wote, mwanangu, uje nao. Hata punje moja isibaki. Kesho mnikute Bokoli."

Walimkuta amepiga magoti kwenye gofu, bila Biblia.

"Hapa alikufa Wilkista, bibi wa kwanza wa kaka yangu, huyo baba yako mkubwa," alisema. "Kaka alikuwa anamfungia ndani akienda soko. Siku moja moto wa jiko ukashika paa."

"Hakuna mtu angefungua, senge?"

Rispah aliupokea mkebe mikononi mwa Rahab. Aliumwaga udongo pale gofuni. Mara kitu kikagonga chini ya ardhi. Mara tatu, polepole, kama mgeni mlangoni. Kigen alirudi nyuma. Rispah akainama hadi midomo ikagusa udongo.

"Wilkista, ni mimi Rispah. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Nilikusikia ukiita. Ufunguo nilikuwa nao mimi, na nikaogopa kaka."

Kugonga kukakoma. Ile harufu ya moshi, iliyokuwa imewafuata kutoka Kitale, ikapotea.

Rahab alimshika mkono. "Senge, imeisha. Inuka twende."

"Tangulieni," alisema Rispah, bila kuinua uso. "Mimi hajaniambia niende."