Punje na Nyundo ya Gati

Sogeeni, sogeeni. Kaeni ubavu kwa ubavu, kila mmoja amguse jirani yake. Hadithi hii haisikiki vizuri kwa mtu aliyekaa mbali.

Ndani ya Ziwa Tanganyika, karibu na ufuko wenye mawe mengi, aliishi dagaa mdogo. Jina lake lilikuwa Punje.

Punje alikuwa mdogo kuliko kidole chako cha mwisho. Ndiyo, hicho hicho.

Dagaa hawaogelei peke yao. Huogelea kundi zima, maelfu kwa maelfu.

Kulia kwa Punje aliogelea Mama. Kushoto kwake aliogelea kaka yake Sesa, ambaye alipenda kujifanya mkubwa.

Mama akigeuka, maji yalimtekenya Punje ubavuni. Chwi. Punje akageuka. Sesa akageuka. Kundi lote likageuka, na maji yakameta.

Dagaa wote walifundishwa sheria moja tangu walipotoka kwenye yai:

*Ubavu ukitekenywa, geuka.*
*Geuka upesi, usiulize.*

"Kwa nini tusiulize?" Punje aliuliza.

"Umeshauliza," Sesa akasema.

"Ukiuliza unachelewa," Mama akasema. "Ukichelewa, unaliwa na Mgebuka."

Mgebuka ni samaki mrefu mwenye mdomo mpana. Anapenda sana kula dagaa. Lakini kundi likigeuka pamoja, yeye huona mng'ao tu, na hajui amkamate nani.

Asubuhi moja watu walikuja ufukoni na mashine. Walitaka kujenga gati jipya, ili meli zipate pa kusimama.

Walisimamisha nguzo ya chuma majini. Juu ya nguzo wakaweka nyundo nzito kama lori.

DU.

Maji yalitetemeka. Mawe yalitetemeka. Ubavu wa Punje ukatetemeka.

Punje alidhani Mama amegeuka. *Geuka upesi, usiulize.* Akageuka.

Sesa alidhani Punje amegeuka. Naye akageuka, lakini upande mwingine.

DU.

Wa mbele wakarudi nyuma. Wa nyuma wakaenda mbele. Wakagongana vichwa.

DU. Punje akageuka.

DU. Punje akageuka tena.

DU. Punje akageuka mpaka akasikia kizunguzungu.

Alipotazama kulia, Mama hakuwepo. Alipotazama kushoto, Sesa hakuwepo. Kulikuwa na maji matupu.

Punje alikuwa ametii sheria, na bado alipotea. Aliogopa sana.

"Mama," aliita.

DU, nyundo ikajibu.

Halafu kivuli kirefu kikapita chini yake. Kilipita polepole.

Alikuwa Mgebuka. Leo hakuwa na haraka hata kidogo. Dagaa walikuwa wametapakaa kama mchele uliomwagika, mmoja huku, mmoja kule.

"Leo nimeandaliwa karamu," Mgebuka akasema. "Sasa nianze na yupi?"

Akamtazama Punje.

Punje akazama. Akazama chini, chini, mpaka kwenye mchanga. Hapo palikuwa na magamba matupu ya konokono. Akajitupa ndani ya gamba la kwanza aliloliona.

"Kwenu hawapigi hodi?" sauti ikauliza kutoka gizani.

Alikuwa Bi Kome, samaki mdogo aliyeishi ndani ya gamba lile. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Shikamoo, bibi," Punje akanong'ona. "Naomba unisamehe. Mgebuka yuko nje."

"Marahaba. Basi sogea ndani, mkia wako unaonekana."

Punje akasogea. Kivuli kikaja mlangoni. Mlango ukawa mweusi.

Punje hakutikisa hata pezi moja. Bi Kome naye hakutikisika.

Kivuli kikakaa. Kikakaa sana. Kisha kikaondoka.

DU.

"Unaona mambo haya?" Bi Kome akanung'unika. "Tangu asubuhi sijalala. Nikipata usingizi kidogo tu, DU. Nikipata kidogo tu, DU."

Kidogo tu? Punje akawaza. Akasikiliza.

DU. Moja, mbili, tatu.

DU. Moja, mbili, tatu.

Nyundo ilikuwa na kishindo kikubwa. Lakini kila ikishapiga, ilibidi iinuliwe tena. Na ilipokuwa inainuliwa, palikuwa kimya.

Katika kimya kile kidogo, Punje alisikia kitu ubavuni. Chwi.

Hiyo haikuwa nyundo. Huko nje kulikuwa na dagaa.

"Bibi, natoka," Punje akasema.

"Na Mgebuka?"

"Namwogopa. Lakini wenzangu wako huko."

Bi Kome alimtazama mgeni wake mdogo. Alimwonea huruma, ila hakupenda kuonyesha. "Haya, nenda mwanangu. Siku ukirudi, piga hodi."

Punje akatoka.

DU.

Ubavu wake ukatetemeka. Mwili wote ulimwambia geuka, geuka, geuka.

Punje hakugeuka. Alinyooka kama sindano. Moja, mbili.

Kimya kilipokuja, akatikisa mkia. Chwi.

DU. Akanyooka.

Chwi, akajibiwa.

Alikuwa Sesa. Alikuwa akizunguka kama pia, na hakujifanya mkubwa tena.

"Geuka, Punje," Sesa akalia. "Nimetekenywa."

"Si mimi niliyekutekenya. Ni nyundo. Nyooka."

"Lakini sheria inasema tugeuke."

"Sesa, nifuate mimi. Fanya hivi:

*DU ikipiga, nyooka.*
*Kimya kikija, geuka.*"

DU. Wakanyooka wawili. Kimya. Chwi. Wakageuka wawili.

Dagaa mmoja akawasikia, akaja. Wakawa watatu. Wakaja wengine, wakawa kumi. Wakaja wengine, wakawa mia.

*DU ikipiga, nyooka.*
*Kimya kikija, geuka.*

Ndipo Mgebuka akawaona.

Alikuja moja kwa moja, mdomo wazi. Meno yake yalionekana yote.

"Tugeuke," Sesa akasema.

"Bado," Punje akasema.

DU.

Walinyooka. Mbele yao mdomo ulizidi kuwa mkubwa. Punje alitamani kukimbia.

Moja. Mgebuka akakaribia.

Mbili. Kimya kikatulia.

Chwi.

Wote mia wakageuka pamoja. Maji yakameta, na Mgebuka akafunga mdomo, kap.

Alikuwa ameuma maji.

Akajaribu tena. DU, wakanyooka. Kimya, wakageuka. Kap. Maji tena.

"Mnanichosha," Mgebuka akasema. Akaenda zake na njaa yake, na hakuna aliyemsindikiza.

Mara Punje akatekenywa ubavu wa kulia. Chwi. Aliijua chwi hiyo kuliko zote.

"Mama."

Mama aliulaza ubavu wake kwenye ubavu wa Punje. "Nilikutafuta kila upande," akasema. Sauti yake ilitetemeka, na nyundo haikuwa imepiga.

"Niligeuka upesi, Mama. Sikuuliza. Nikapotea."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo."

Siku ile kundi lote lilijifunza kwa Punje. Hata dagaa wazee walihesabu moja, mbili, tatu. Baadhi yao walikosea, wakaanza upya.

Jioni watu wa gati walizima mashine wakaenda kwao kula ugali. Nyundo ikanyamaza. Huko chini kwenye mchanga, Bi Kome alikuwa tayari anakoroma.

Kundi likaogelea mbali, likayapita mawe makubwa, mpaka kwenye ghuba iliyotulia.

"Tutakaa huku mpaka wamalize gati lao," Mama akasema. "Na kuanzia leo tuna sheria mpya:

*Ubavu ukitekenywa, sikiliza.*
*Usipoelewa, uliza.*"

"Kwa nini tuulize?" Sesa akauliza.

"Umeshauliza," Punje akasema.

Dagaa wote wakacheka, na Sesa pia akacheka.

Giza likaanza kuingia taratibu. Punje akawa mzito kwa usingizi. Kulia, kitu kikamtekenya ubavuni. Chwi.

Punje hakugeuka. Alisikiliza kwanza.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi, Mama."

Basi Punje akalala.