Dole Gumba Ndani ya Tungi

Mshale wa kipimo ulipanda, ukashuka. Ukapanda tena, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Dada, tungi linapumua," alisema Kidosho, akicheka nusunusu.

"Lipumue na nini? Hewa yote tumeitoa," alijibu Mke wa Mashine bila kugeuka. Lakini baridi ilikuwa imeshamwingia mgongoni.

Hilo jina la Mke wa Mashine alipewa na wenzake wa maabara kwa utani, maana mume hakuwa naye, na tungi lile la chuma alilitunza kuliko nafsi yake. Alilifunga yeye, skrubu kwa skrubu. Hata mlango wa chumba ulifunguka kwa dole gumba lake na la mkuu wa maabara tu. Ndani ya tungi pampu zilinyonya hewa mpaka pakawa patupu kuliko mahame yoyote. Kisha kipande cha fuwele kilimulikwa eksirei, elektroni zikachomoka, kila moja na habari za chumba ilimokuwa ikikaa ndani ya fuwele. Na fuwele ya safari hii ilikuwa ya tabaka juu ya tabaka, kama kurasa, ile aina ambayo ikipozwa sana hupitisha umeme bila kuukwaza hata chembe. Mkuu aliisaka miaka mingi. Ilipopatikana, akamkabidhi nani? Kidosho! Mtoto wa juzi, ambaye hata kuvaa glavu alifundishwa na Mke wa Mashine.

Wivu ni wivu, tusiupake rangi. Asubuhi hiyo, kabla tungi halijafungwa, Mke wa Mashine alivua glavu. Yeye huyohuyo aliyewafokea wageni kwamba mafuta ya kidole kimoja yatatoa mvuke humo wiki nzima na kuharibu kazi. Akalikandamiza dole gumba kwenye ukuta wa ndani, akanong'ona: "Kama si langu, basi lisiwe la mwingine." Akafunga.

Lakini mahame hayakosi mpangaji.

Sasa ilikuwa mchana, ila chumba hakikuwa na dirisha, na taa walizizima ili mwanga wa kando usiwavurugie vipimo. Kidosho alisukuma fimbo, akabandua tabaka la juu ili uso mpya wa fuwele utokeze. Kwenye skrini kikapanda kilima cha kaboni, yaani uchafu. Akabandua tena. Kilima kikarudi, kirefu zaidi.

"Dada, uchafu hauko juu tu. Uko kila tabaka. Uchafu gani huu unaoingia katikati ya jiwe?"

Mke wa Mashine aliinua pua. Alikuwa amenusa mafuta ya nywele. Mafuta yake mwenyewe, yakitoka kwenye chuma ambacho hata hewa haipenyi.

"Umesikia?" Kidosho alinong'ona.

"Pampu hiyo."

"Pampu haitamki maneno, dada."

Kidosho akasogeza uso kwenye kioo kidogo cha kuchungulia, na hapo, kwa ndani, ikajitokeza alama ya dole gumba, mbichi, kisha ya pili juu yake, kisha nyingine, zikipanda kioo kuelekea usawa wa macho yake, na msichana akajishika koo, akafumbua mdomo asipate pumzi, kifua kikimbonyea kama vile pampu zote zimehamishiwa kwake, huku sauti nene, ya upole, ikisema kutoka ndani ya chuma: "Mke wangu, dole gumba umetia, ndoa imefungwa. Huyu mke mwenza anatafuta nini nyumbani kwangu?"

Niseme ukweli: Mke wa Mashine hakukurupuka. Alisimama. Aliiona fuwele, aliliona tungi, akaona vyote vikirudi mikononi mwake bila yeye kuinua hata kidole. Midomo ya Kidosho ikageuka rangi ya jivu.

"Da..." alisema msichana, neno likamkatikia.

Ndipo Mke wa Mashine aliporukia koki ya hewa, akaifungua yote. "Toka! Mimi si mkeo!"

Hewa ikaingia kwa kilio. Fuwele ikafa palepale, maana haivumilii hewa. Kidosho akaanguka, akakohoa, akavuta pumzi.

"Ulivua glavu?" aliuliza akiwa bado sakafuni.

"Nilivua."

Kidosho akachukua mkoba wake, akaenda zake. Hakurudi tena.

Tungi likafutwa kwa spiriti, likavikwa karatasi za alumini, likaokwa kwa moto siku kadhaa. Ndiyo dawa ya kazi ile, joto hufukuza kila kilichojificha kwenye chuma. Mshale ukatulia tuli. Mke wa Mashine akashusha pumzi. Tungi lilikuwa lake peke yake.

Kesho yake alibandika dole gumba mlangoni. Taa nyekundu. Akalifuta kwenye gauni, akabandika tena. Nyekundu. Akaliinua karibu na macho: halikuwa na mstari hata mmoja. Liling'aa, laini, kama uso wa fuwele iliyotoka kubanduliwa.

Kisha taa ikawaka kijani yenyewe. Kufuli likaandika jina lake, kwamba ameshaingia. Mlango ukafunguka kidogo, harufu ya mafuta ya nywele ikamjia usoni.

"Umechelewa, mke wangu."