Doa kwenye Shavu la Bwana Sabapathi

Habari hii nilipewa na Thenmozhi mwenyewe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Madras, mwaka juzi mvua za Novemba zilipotufungia ndani siku tatu. Sasa ni mama wa watoto wakubwa. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwaka ulikuwa 1984.

Kila asubuhi kabla ya shule, Thenmozhi alifagia banda la baba yake, akaosha brashi kwa mafuta ya taa na kupanga makopo ya rangi. Baba yake, Kathirvel, alikuwa mchoraji wa majitu ya mbao, yaani picha za watu zilizokatwa kwenye mbao, yale yanayosimamishwa barabarani, marefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Miaka ile mtu hakuhesabiwa kuwa maarufu mpaka asimame barabarani kwa mbao. Waigizaji walisimama, wanasiasa walisimama, na waigizaji walioingia siasa walisimama mara mbili.

Thenmozhi alitamani jambo moja tu: kupewa brashi. Baba yake hakukataa. Aliyekataa ni baba yake mdogo, Manikkam, aliyechora pamoja naye.

"Msichana banda hili la nini?" Manikkam alisema. "Kesho ataolewa, brashi ataipeleka wapi? Akapakie samli kwenye chapati?"

"Mwache ajaribu," Kathirvel alijibu. "Kazi hii ikienda vizuri, ijayo atachora maua ya shada."

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Jeyavelan, nyota wa sinema, alikuwa akimpigia debe Bwana Sabapathi, tajiri wa mabasi ya manjano aliyegombea uchaguzi kwa mara ya kwanza. Walitakiwa wachorwe wakiwa wamesimama bega kwa bega. Jeyavelan hakuwa tatizo. Kathirvel angeweza kumchora amefumba macho. Lakini Sabapathi! Mabasi yake kila mtu aliyajua, uso wake hakuna. Ililetwa picha moja tu, yenye ukubwa wa daftari.

Siku ya Jumanne Kathirvel alimpa binti yake picha ile. "Mama, ipige miraba kwa penseli. Mraba wa inchi moja hapa ni futi nne kule kwenye mbao. Mkono usitetemeke."

Thenmozhi alipiga miraba vizuri kabisa. Kisha akataka kuipendezesha zaidi. Akatoa kalamu yake ya wino ya shule ili aandike namba pembeni. Kalamu ilikataa kuandika, akaikung'uta. Tone moja likaruka, likatua kwenye shavu la kulia la Bwana Sabapathi.

Alilifuta kwa ncha ya sketi, akalipaka chaki. Likabaki doa jeusi, dogo kama punje ya choroko. "Nani ataliona?" akajiambia, akaipeleka picha.

Baba yake aliliona papo hapo.

"Manikkam, njoo. Hii ni alama ya kuzaliwa?"

Manikkam aliinamia picha, akacheka kwa furaha. "Kaka, unauliza? Mwanamume mwenye alama shavu la kulia ni mtu wa mali! Hata shangazi yetu alituambia. Unadhani mabasi yale mia moja aliyapata vipi? Alama hii ndiyo ya kuichora vizuri kuliko vyote."

Thenmozhi alikuwa amesimama pale pale na ufagio mkononi. Akainama, akaendelea kufagia.

Jumatano na Alhamisi zikapita. Ijumaa alimwambia rafiki yake Alamelu, walipokuwa wakinywa maji bombani shuleni.

"Nyamaza tu," Alamelu alisema. "Watasema ni kosa la mpiga picha. Ukisema, baba yako mdogo atacheka mpaka sikukuu ya Pongal, na brashi utaisikia kwa watu."

Thenmozhi aliona rafiki yake amesema kweli kuhusu brashi. Hayo mengine hayakumkaa moyoni.

Jumamosi, Sabapathi na Jeyavelan wa mbao walikuwa wamekwisha kuinuliwa kwenye milingoti ya mivinje, kando ya barabara, mbele ya banda. Saa kumi katibu wa mgombea angekuja kutazama. Akiridhika, angeagiza majitu mengine thelathini, kazi ya kuwalisha mpaka mwaka ujao. Thenmozhi alitoka nje, akainua macho. Ile punje ya choroko ilikuwa kubwa kama sahani. Manikkam alikuwa ameizungushia mng'ao mweupe ili ionekane kutoka mbali, na kweli ilionekana. Mwendesha baiskeli alisimama, akanyoosha kidole: "Loo! Nzi ametua au nini?"

Mchana walikaa mkekani kula wali wa maziwa ya mgando na achari ya ndimu. Thenmozhi hakugusa chakula chake.

"Unaumwa?" baba yake akauliza.

"Baba, lile doa si la kwake." Sauti ilimtoka nyembamba. "Ni wino wangu. Nilikung'uta kalamu."

Manikkam aliacha tonge hewani. Kathirvel alimgeukia binti yake.

"Lini?"

"Jumanne."

"Na leo ni lini?"

"Jumamosi, baba."

"Si nilisema?" Manikkam akalipuka. "Kaka, si nilisema banda hili si la wasichana? Sasa mtu mzima nimekaa siku nzima nalipamba tone la wino!"

"Na bahati yake ukaisoma," Kathirvel akasema.

Manikkam akalirudisha tonge sahanini. "Alama ilikuwa mahali pake kabisa," akanung'unika.

Kathirvel alinawa mikono, akafunga shuka lake juu ya magoti. "Maneno baadaye. Mama, changanya rangi ya shavu. Nyeupe, manjano, nyekundu kidogo. Kumbuka ikikauka hukolea."

Thenmozhi alichanganya, akapaka kwenye kipande cha mbao, akakianika juani. Ikakolea mno. Akachanganya tena, sasa ikapauka kama chokaa. Mara ya tatu Manikkam mwenyewe alichuchumaa karibu yake, akakodoa macho. "Ongeza manjano. Kidogo! Hujui kidogo ni nini? Haya. Hapo hapo."

Kathirvel alipanda milingoti na kopo kiunoni, jua likimchoma mgongo. Thenmozhi aliishika ngazi kwa mikono miwili bila kuondoa macho. Saa tisa na nusu doa lilikuwa halipo.

Katibu alikuja, akazunguka, akarudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara. "Ndiye mwenyewe," alisema hatimaye. "Ila tumbo mmempunguzia."

"Lililobaki halikuenea kwenye mbao, bwana," Manikkam akajibu.

Katibu alicheka, akaagiza yale thelathini.

Alipoondoka, Kathirvel alimwita binti yake. "Kuharibu picha hakukunikasirisha. Hata mimi nimeharibu nyingi. Siku ile ungesema, tungefuta kwa kidole kilicholowa. Ulinyamaza siku nne, ikabidi nipande futi arobaini juani. Ndivyo kosa linavyokua lenyewe likifichwa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, lingali dogo."

"Ndiyo, baba. Na brashi?"

"Mwezi mzima utaziosha tu. Baada ya hapo tutaona."

"Aanze na maua," Manikkam akasema, akijilaza mkekani. "Rangi anaijua kuchanganya. Alisema kabla hajaulizwa, na mimi nilipoulizwa nilijibu nisichokijua." Akageukia ukutani, na mara akaanza kukoroma, maana hawakuwa wamelala siku mbili.

Kathirvel naye alijinyoosha, mkono juu ya macho. Thenmozhi aliosha brashi zote tano, akazilaza zikauke. Kisha akatandika gunia karibu na mlango, penye upepo, akajilaza, na usingizi ukamchukua jua likiwa bado juu.